Rosebellah wa Lango la Mji Uliozama

Kila aliyekuwa na kazi katika Mji Uliozama aliuogopa umati, isipokuwa Rosebellah. Wahandisi waliuogopa kwa sababu ya vioo vyao. Wapishi waliuogopa kwa sababu ya majiko. Meneja, mzungu mrefu aliyeletwa kutoka mbali kuja kufungua mahali hapo, aliuogopa kiasi kwamba alizunguka kutwa na redio ya mkononi akiuliza maswali ambayo alikwisha kujibiwa asubuhi. Rosebellah peke yake aliomba waje wengi. Aliomba wabanane mpaka atakayetaka kurudi nyuma akose pa kupita.

Mji Uliozama ulikuwa eneo jipya la bustani ya michezo pembezoni mwa Jeddah, lililojengwa ili mgeni akiingia asahau kwamba amekanyaga nchi kavu. Dari lilikuwa la kioo na juu yake maji yalipitishwa, hata mwanga ukawa unatetemeka juu ya nyuso za watu. Kuta zilikuwa na magamba. Wafanyakazi wote walikatazwa kutoka nje ya hadithi: muuza aiskrimu alikuwa mzamiaji lulu, mfagiaji alikuwa mchunga kasa. Wanawake waliowekwa langoni kuwapekua wanawake wenzao walikuwa Walinzi wa Lango, nao walishonewa abaya za kijani cha bahari, nikabu zilizotariziwa kauri, na glavu ndefu. Nani kati yao alitoka Vihiga, nani Manila, nani alizaliwa papo hapo Jeddah, mgeni asingeweza kujua.

Siku Rosebellah alipolivaa vazi hilo mara ya kwanza, alijitazama kiooni asione chochote chake ila macho. Akacheka peke yake, kicheko kirefu, mpaka msimamizi wake akachungulia.

“Kulikoni, bibi we? Umepagawa?”

“Wahida, hebu niangalie. Unaniona?”

“Naona jini wa baharini.”

“Basi iko sawa.”

Wahida alikuwa wa ukoo wa Kizanzibari uliohamia Jeddah mwaka wa sitini na nne. Yeye alizaliwa huku, akasomeshwa huku, lakini nyumbani kwao bado waliongea Kiswahili cha Unguja, na kila siku alimchokoza Rosebellah kwacho.

“Kiswahili chako, mwenzangu, kama gari ya ng'ombe kwenye mawe. Lakini Kiarabu nimekunoa, ukisema hayo maneno yako ya langoni utadhaniwa binti wa sheikh.”

“Wachana na Kiswahili changu. Chenu ni cha kubembelezea watoto walale.”

Maneno yenyewe ya langoni hayakuwa mengi. Karibu mjini, bibi. Funua uso, bibi. Weka simu hapa, bibi. Rosebellah aliyakariri kwa Kiarabu safi cha Wahida, akiyarudia njiani, bafuni na kitandani, kwa bidii ambayo Wahida aliidhani ni ya kuipenda kazi. Alipotambua kwamba sivyo, ilikuwa imebaki wiki moja lango lifunguliwe.

Rosebellah aliondoka Kenya mwaka wa 2013, katika wimbi lile la mawakala waliokodi vyumba juu ya maduka ya Nairobi na kuahidi mbingu. Alipelekwa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, katika jumba la Madam Hana. Madam Hana hakuwahi kumpiga. Ndilo jambo aliloliona kuwa fahari yake, na alilitangaza mbele ya wageni: mimi sijawahi kumwinulia mkono. Lakini kila Rosebellah alipotoka, hata kutupa taka, alipekuliwa mlangoni akirudi, mifuko ikigeuzwa ndani nje. Na simu yake ilikaa katika droo ya manukato ya Madam. Ilitolewa siku ya Ijumaa baada ya chakula, ikarudishwa kabla ya magharibi. Wakienda matembezini, Madam aliichukua simu hiyo na kuitia katika mkoba wake wenye mnyororo wa dhahabu, kwa kuwa hakuwaamini hata madereva wasije wakamfungulia mtumishi droo.

Mwaka mmoja, Madam aliwaandalia mawifi zake karamu kubwa ya juma zima, na siku ya kwanza simu ililia ndani ya droo. Ililia tena. Rosebellah aliisikia kutoka ghorofani, akashuka akiwa na kitambaa cha kupangusia mkononi.

“Madam, samahani, naomba tu niangalie.”

“Telefoni mafi,” alisema Madam Hana, yaani hakuna simu, kwa Kiarabu kile cha kukatakata ambacho waajiri huwapa watumishi kama wanavyowapa nguo kuukuu. “Shughuli kwanza.”

Akafungua droo mwenyewe, akaona, akaizima.

Mzee Elkanah, baba yake Rosebellah, alikufa siku hiyo. Katika ukoo wao kifungua mimba ndiye atupaye udongo wa kwanza kaburini, na akiwa mbali husubiriwa angalau sauti yake, ataje kwa simu nani atupe kwa niaba yake. Siku ya maziko, karamu ya Riyadh ikiwa bado haijaisha, walisubiri sauti hiyo. Walipiga simu mpaka jua likawa upande wa pili wa nyumba na mchungaji akawa anaitazama saa yake. Mwishowe mdogo wake, Laban, aliinama akauchota udongo bila kuambiwa na mtu, akilia kwa aibu kana kwamba anaiba. Karamu ilipokwisha, vyombo vyote vikiwa vimeoshwa, Rosebellah alikabidhiwa simu yake. Alipopiga ukunga, Madam Hana alimtazama kwa mshangao wa kweli.

“Ningekupa ungelia. Wageni wangekula nini?”

Kesho yake Rosebellah hakuingia jikoni, wala kesho kutwa. Baba mwenye nyumba, aliyechoshwa na kelele, alimrudisha katika ofisi ya wakala kule Al-Murabba kama mtu arudishavyo friji lisilopoza. Huko alikaa mpaka kampuni ya ulinzi iliyotafuta wanawake wapekuzi ikamhamishia ikama yake, kibali cha kukaa nchini, na kafili mpya, yaani mdhamini wake, akampeleka Jeddah. Watu walimwambia amshukuru Mungu. Alimshukuru. Lakini hakusamehe, na hakujidanganya kwamba anajaribu.

Ndipo ukafika mwaka wa 2019, na Mji Uliozama. Siku ya ufunguzi ilitengwa kwa wanawake na watoto wadogo. Ndani wangevua abaya, kwa hiyo kila simu yenye kamera ingeachwa langoni, kama ifanyikavyo katika harusi za huko. Katika majaribio simu zilichanganyikana, wafanyakazi wakagombana, na meneja akatoa amri: kila mwanamke aifungue simu yake mbele ya mlinzi, kwa kidole au kwa namba, kisha aizime, avishwe bangili yenye namba ya mfuko wake. Atakayedai simu asiyoweza kuifungua atatolewa kwenye foleni, arudi nyuma kabisa.

Wengine waliposikia amri hiyo walipiga miayo. Rosebellah aliona mkoba wenye mnyororo wa dhahabu.

Kwamba Madam Hana angekuja, hakuwa na shaka. Kila likizo ya shule familia ile ilishuka kutoka Riyadh kwenda Jeddah, na Madam alikuwa mtu ambaye kitu kipya kisingefunguliwa bila yeye kuwa wa mbele na mawifi zake nyuma yake, wamwone anavyoona. Lililobaki ni umati. Watu wakiwa wachache, Madam angebishana, angemwita meneja, angetaja jina la mumewe. Wakiwa wengi, walio nyuma yake ndio wangemjibu.

“Kwa hivyo ndo maana unaomba waje,” alisema Wahida alipokwisha kusimuliwa. Hakucheka. “Sikiliza, shoga. Ukimgusa hata ukucha, mie simo. Utarudishwa kwenu na hilo vazi la jini mwilini.”

“Sitamgusa. Nitafuata sheria tu.”

“Hilo ndo linalonitia khofu.”

Wakaja. Baada ya sala ya alasiri magari yaliziba barabara mpaka kwenye mzunguko, na wanawake wakamiminika chini ya feni zilizopuliza ukungu wa maji, na vigari vya watoto, na manukato yaliyochanganyika na jasho la Jeddah mpaka hewa ikawa nzito kama shira. Meneja alionekana mara moja akiwa ameshika kichwa, kisha hakuonekana tena. Rosebellah alifunua na kufunika pazia la kibanda chake, Karibu mjini, bibi, Funua uso, bibi, na moyo wake ulikuwa umetulia kuliko ulivyowahi kutulia miaka mingi.

Aliijua sauti kabla hajauona mkoba. Madam Hana alikuwa akiwaeleza mawifi zake namna mahali hapo palivyojengwa, kana kwamba alibeba matofali. Mawifi wawili walitangulia pamoja na binti yake Madam. Wakafungua simu zao, wakavishwa bangili, wakaingia. Kisha pazia likafunguka, na Madam Hana akasimama mbele yake, akafunua uso. Nyuma yake, akisukuma kigari cha mtoto, alisimama mwanamke Mwafrika wa makamo, macho chini.

“Amani iwe juu yako, dada yangu,” alisema Madam kwa upole. “Mungu akupe nguvu. Joto gani hili!”

Miaka yote ile Al-Malqa, salamu hiyo haikuwahi kumfikia Rosebellah.

“Weka simu hapa, bibi.”

Zikatoka mbili zinazong'aa, akazifungua, akazizima. Rosebellah akaunyoshea mkoba kidole. Ikatoka ya tatu, ndogo, kioo kimepasuka, mgongoni imebandikwa bendera ya Kenya iliyochubuka.

“Hii?”

“Yangu pia. Ya akiba.”

“Ifungue, bibi.”

Madam alibonyeza kidole. Simu ikakataa. Akabonyeza kingine. Nyuma, foleni ikaanza kunung'unika.

“Yalla, mbona hatusogei?”

“Kuna nini huko mbele? Watoto wanaungua!”

Madam Hana akainama, akamsogelea mlinzi sikioni, kama mwanamke amwaminiye mwenzake.

“Dada yangu, wewe ni binti wa watu, unaelewa. Ni ya mtumishi. Ukiwaachia simu, kazi hawafanyi, kutwa kulia na ndugu zao. Niliyekuwa naye kabla ya huyu alifiwa na baba nikiwa na wageni. Ningempa simu angeniharibia karamu nzima. Nilificha mpaka wakaondoka.” Akatabasamu. “Nipitishe tu.”

Rosebellah alikuwa amejiandaa kwa kiburi, kwa matusi, hata kwa machozi. Kwa jambo hilo hakuwa amejiandaa: kwamba kifo cha Mzee Elkanah kingesimuliwa kwake kama hila ya nyumbani, kama namna ya kutoa doa kwenye zulia. Akavuta pumzi mara moja, kisha akalifungua pazia lote, akainua simu juu ya kichwa chake, na kwa Kiarabu safi cha Wahida akapaza sauti:

“Simu hii ni ya nani?”

Foleni ikarefusha shingo. Mwanamke wa kigari akatazama juu.

“Ni yangu,” alisema kwa woga.

“Weka kidole.”

Kioo kikawaka. Jumbe zilizokuwa zimefungiwa zikaingia moja juu ya nyingine, zikilia mfululizo, na kila mwanamke aliyekuwa karibu alizisikia. Bibi mmoja mzee aliyekalia kiti cha magurudumu akasema, wala hakupunguza sauti, “Amesema yake, naye hawezi kuifungua? Aibu!”

Rosebellah akamvisha mwanamke yule bangili, akamrudishia simu, akamwambia kwa Kiswahili, “Unaitwa nani, dada?”

“Keziah.” Macho yalimtoka. “Kumbe wewe ni wa kwetu?”

“Wa Vihiga. Kaa kwa hiyo benchi pale kando, pigia watu wako. Usiharakishe. Ukimaliza nitaiweka.”

Kisha akamgeukia Madam Hana na kunyosha mkono wenye glavu kuelekea kule umati ulikoishia, mbali, nje ya kivuli.

“Nyuma, bibi. Ndiyo sheria.”

“Binti yangu yuko ndani! Unajua mimi ni mke wa nani?”

Rosebellah akafungua nikabu. Hakuharakisha. Akakiacha Kiarabu cha Wahida, akakirudia kile cha droo ya manukato.

“Madam. Baba kufa. Telefoni mafi.”

Uso wa Madam Hana ulishuka kama kitambaa kilichoachiwa na kamba. Midomo ilitaka kutamka jina, haikulipata. Labda haikuwahi kulishika sawasawa.

“Wewe,” alisema mwishowe.

“Mimi. Halas, madam. Shughuli kwanza.”

Hapakuwa na njia nyingine ila ile ya kupita katikati yao. Madam Hana aligeuka akaupasua umati kwa bega, uso wazi kwa kuwa alikwisha kusahau kuufunika, na wanawake walijibana kumpisha, kila mmoja akimtazama kwa zamu, wengine wakivuta abaya zao zisimguse. Rosebellah alimsindikiza kwa macho hatua kwa hatua. Huruma haikumjia, naye hakuiita.

Wahida alifika akihema.

“Umefuata sheria?”

“Neno kwa neno.”

“Na nikabu?”

“Joto.”

Wahida aliitazama foleni, akamtazama yeye, akaumauma mdomo. “Zamu yako imekwisha, mwenzangu. Nenda kanywe maji, nimwite Mfilipino akae hapa.”

Rosebellah alikuwa akiifunga nikabu upya, akizinyosha kauri zake ziketi vizuri. Kwenye benchi Keziah alikuwa ameiminya simu sikioni, analia na kucheka na mtu wa mbali. Mwishoni kabisa mwa umati, juani, mkoba wenye mnyororo wa dhahabu ulikuwa umekwisha kusimama nyuma ya mtu wa mwisho, kwa maana binti alikuwa ndani, na mlango wa wanawake ulikuwa huo mmoja tu.

“Sitoki,” alisema Rosebellah. “Foleni ni ndefu, lakini inaishia kwangu.”

Akalishika pazia.

“Karibu mjini, bibi. Funua uso.”