Nilivyoukata Uso wa Baba

Enzi zetu, sukari ilipoanza kuonekana tena madukani na mitumba kushuka Kyela kwa marobota, watoto wa mtaa wa Bondeni tulikuwa na mchezo tuliouita Watu. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni, mwenye jina, kazi na nguvu zake. Ambokile, mtoto wa shangazi yangu, ndiye aliyeuleta kutoka ng'ambo ya mto Songwe, mpakani, alikokuwa akisoma, na yeye ndiye alikuwa msimulizi. Anakwambia umefika mtoni na gunia la magendo, askari anakuja, unafanyaje? Unachagua, kisha unarusha dadu ya ludo, na dadu ndiyo inayoamua kama utavuka.

Shida ilikuwa picha. Ambokile alitaka kila mtu wa kubuni awe na sura, na pale barazani hakuna aliyejua kuchora hata kuku. Basi tukawa tunakata. Magazeti ya Ulaya yaliyofungiwa vitumbua, karatasi za makopo ya maziwa, maboksi ya sabuni, vyote vilipita kwenye wembe wetu. Unachukua kichwa cha huyu na mwili wa yule, unabandika kwenye kipande cha boksi kwa wali uliopondwa. Msitucheke, mchele wa Kyela unanata kuliko gundi hizi mnazonunua leo. Lakini nyuso karibu zote zilikuwa za Wazungu. Gwamaka, jirani yetu, alikuwa na jambazi hatari mwenye kichwa cha kitoto kichanga. Wangu alikuwa bibi wa Kizungu mwenye miwani, niliyempaka masizi mpaka akafanana na sufuria. Walinicheka hadi nikasusa.

Baba alikuwa amekufa kwa homa mwaka ule ule, kabla ya mavuno. Picha yake ilikuwa moja tu, ya studio, amesimama na koti la kuazima, mkono juu ya stuli. Mama aliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Nilikuwa na miaka tisa, na sikumjua mtu wa kumshinda baba kwa nguvu. Mchana mmoja, mama akiwa shambani Ikolo, nikachukua wembe.

Nilipomweka mtu wangu mpya barazani hakuna aliyecheka. Wote walimjua. Ambokile akaificha dadu kiganjani.

"Una hakika?" akaniuliza. "Sheria ni ile ile. Akifa anazikwa, hafufuki."

Nikamwambia huyu hafi.

Ambokile akampeleka mtoni. Dadu ikaanguka moja, yaani hujavuka. Nikarusha tena, ikaanguka moja. Ya tatu ikawa moja vilevile, na mamba wa Songwe akamchukua.

Tulimzika migombani nyuma ya nyumba kama tulivyoona wakubwa wakifanya, kwa wimbo na udongo wa kiganja. Nililia kwa sauti, wenzangu wakanisifu kwamba siku hiyo nimeigiza vizuri. Nilitaka kumfukua jioni ile ile, nikaona aibu kuvunja sheria. Nadhani niliogopa pia. Kisha ikaja mvua, na mvua ya Kyela mnaijua. Ilipiga siku tatu.

Siku ya nne akapita mpiga picha kutoka Mbeya, aliyekuwa akikuza picha ndogo ziwe za kutundika ukutani. Mama alikuwa akimngoja tangu msiba. Akafungua kitabu mbele yake, akaitoa picha. Koti lilikuwepo, mkono ulikuwepo, stuli ilikuwepo. Juu ya kola palikuwa na tundu.

Nilikimbia migombani, nikafukua kwa mikono. Boksi lilikuwa limegeuka uji. Uso wa baba ulitoka kama utando wa maziwa, ukabaki kidoleni kwangu mweupe, hauna macho. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilingoja fimbo, maana wazazi wa enzi zetu hawakuchelewa na fimbo.

"Mwanangu," akasema, "umemzika baba yako mara ya pili."

Akarudi ndani kuchambua mchele. Bora angenichapa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki bila kuuona tena uso wa mumewe, na hatukulizungumza jambo lile hata siku moja.

Siku hizi mwanangu Lusajo anacheza na wenzake mchezo wa namna ile. Naye hajui kuchora, amenirithi mimi. Anaandika maneno, simu inamletea uso. Pua isipompendeza anaufuta na kuagiza mwingine, nyuso kumi kabla chai haijapoa. Wembe hawaujui, na wali wao ni wa kula tu. Sisi uso ukipotea ulikuwa umepotea.

Juzi akaniambia, "Mama, nieleze babu alivyokuwa, nimtengeneze."

Nikaanza. Mrefu. Mweusi. Kovu juu ya jicho, ila la kulia au la kushoto sikuwa na hakika. Simu ikaleta mwanamume mzuri mwenye meno meupe, ananitazama.

"Ndiye?" akauliza Lusajo.

Nilimtazama sana yule mtu. Nilitamani kusema ndiye. Nikamwambia mwanangu ukweli, kwamba sijui.