Kibuyu cha Josepha

Kazi ya Kasimiri katika maabara ya hospitali mjini Tabora ilikuwa kuchungulia vinyesi vya watu kwa heshima zote. Waingereza walileta darubini, darubini ikamletea jina: kijijini kwao Ntalikwa walimwita Bwana Choo. Alicheka nao. Mtu aliyekwisha kuona matumbo ya majirani zake kwenye kioo hana haja ya kujibu matusi.

Ila tangu mama yake, Josepha, afe kwa homa ya matumbo, kicheko kilimkauka. Alikuwa akisikia kibuyu cha maziwa kikisukwasukwa. Mchana kweupe, ameinamia darubini, chubwi, chubwi, kama mama alivyosuka maziwa barazani. Akigeuka, hakuna mtu.

Kabatini aliweka chupa nyembamba yenye vijidudu vilivyotoka kwenye damu ya Josepha. Kila vilipoelekea kufa njaa alivihamishia kwenye chakula kipya. Ni vya kulinganishia, alijiambia.

Kibuyu chenyewe kilikuwa kwa dada yake, Koleta, na hakikuwahi kukauka. Enzi za misafara bibi yao aliwauzia mtindi wapagazi waliopita na pembe kwenda pwani, na daima alibakiza kidogo chini ili kigandishe maziwa ya kesho. Vibuyu vilipasuka, wapagazi wakaisha, mgando ukahamishwa kibuyu hadi kibuyu.

"Nikiumwaga," Koleta alisema matanga yalipokwisha, "nitakuwa nimemzika mama mara ya pili."

Kisha Siwema, binti wa Koleta, akaletwa wodini anawaka moto, haongei. Kasimiri alichukua damu ya mpwa wake mwenyewe, akaiotesha. Kwenye sahani yake nyekundu, vijidudu vya kawaida huota vyekundu kama nyanya. Hivi viliota bila rangi, kama macho ya samaki aliyepikwa.

"Anakula nini mtoto?"

"Ninachokula mimi, kaka. Uji na mtindi wa mama."

"Niletee mtindi. Na wewe nikupime."

"Ee! Bwana Choo sasa anataka na cha dada yake!"

Alimpima, alikuwa safi.  Ila mtindi, uliosukwa na mama hadi alipougua, nao uliota yale macho. Koleta aliugua pamoja na mama, akapona, ndiyo maana haukumgusa tena. Kasimiri akadondoshea dawa ya kupimia juu ya vijidudu vya Siwema, vikagandana chembechembe, kama vifanyavyo vya homa ya matumbo. Vya kibuyu, vikagandana. Mkono ukaenda kabatini wenyewe. Vya Josepha navyo vikagandana vilevile.

Akamwita Koleta mlangoni, akamwonyesha bila kumruhusu aguse.

"Huyu ndiye mama?" Koleta alinong'ona.

"Ndiye aliyemuua mama."

"Lakini alikaa ndani yake."



Koleta akatazama ile chupa nyembamba. "Na hicho kichupa?"

"Cha mama. Nimekuwa nikikilisha."

"Kumbe na wewe una kibuyu." Hakucheka. "Sikia, kaka. Changu nitakichoma mwenyewe, mwanangu asikirudie. Na chako je?"

"Changu kimefungiwa."

"Na changu kilikuwa na kizibo."

Jioni ile moshi wa maziwa yaliyoungua ulitanda Ntalikwa, na majirani waliuliza nani kaunguza uji wa ukoo mzima. Wodini, dawa ya daktari ilianza kumshinda yule mdudu. Siwema alifumbua macho, akaomba mtindi, akapewa uji mtupu, akanuna. Kasimiri hajawahi kufurahia kununiwa kama siku ile.

Kisha akarudi maabara. Alikaa na chupa kiganjani hadi kioo kikapata joto lake, na kwa kitambo hakujua ni joto la nani. Akaitumbukiza kwenye chungu cha mvuke, akakaza mfuniko, akawasha moto.

Maji yalipoanza kuchemka, chupa iligonga ukuta wa chungu. Chubwi, chubwi.

Safari hii hakugeuka. Alivuta kiti, akakaa nayo mpaka iliponyamaza.