Roho ya Zamani

Mahbuba hakuwahi kuuonea haya wivu wake. Wako wanawake wanaoufunika kwa kucheka, wako wanaoulaza chini ya mto. Yeye aliutembeza nyumbani kama chetezo cha udi, chumba baada ya chumba, mpaka kila mtu ameipata harufu yake. "Nnapenda ndiyo maana nna wivu," alikuwa akisema. "Asiyependa ana nini cha kuchunga?"

Cha kuchunga alikuwa nacho. Mumewe, Thabit, alikuwa mtu wa bara, mzaliwa wa Tabora, aliyejifunza gitaa Dar es Salaam ujanani kwa kuzisikiliza santuri za Wamarekani weusi mpaka sindano ikazichubua. Alianza na bluzi, kisha akanasa kwenye ule muziki wao unaoitwa soul, ambao ndani yake mtu hulilia mapenzi huku kavaa suti na viatu vinang'aa. Familia yake iliporudi Omani miaka ya sabini, yeye alikuja na sanduku moja na gitaa moja. Mama yake Mahbuba, Mzanzibari wa kujisikia, aliuliza kama bwana harusi ana kazi au ana kelele tu.

Kazi akaipata, wizarani, Al Khuwair. Kelele hakuziacha. Asubuhi alipiga mihuri, na kila Alhamisi jioni alipiga gitaa kwenye hoteli moja upande wa Bustan, mbele ya wageni waliokuwa wakila kamba.

Mahbuba alimfuata huko mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Akamwona mwanamke mmoja wa Kizungu akichomeka ua kwenye nyuzi za gitaa la mumewe. Ua lenyewe dogo, la mezani, lakini likamtosha. Kwa miaka mingi hakukanyaga tena pale. Na nyumbani akatoa amri: gitaa lisipigwe sebuleni. Likahamia chumba cha nyuma, penye mashine ya kufulia, na mlango ukafungwa. Kwa kweli hata gitaa lenyewe alilionea kijicho. Halizeeki, alisema, haliumwi mgongo, na kila siku linapakatwa.

Wakaishi hivyo. Wakamzaa Balqees, wakamsomesha, wakamwoza. Thabit akastaafu. Halafu mwaka 1999, wakati wenzake wanahangaika na mashamba ya mitende, yeye akaingia studio ndogo ya Ruwi na kutoa albamu. Nyimbo tisa, gitaa lake na wapigaji wawili wa kukodi, zote kwa mtindo wa soul ya zamani. Alipoleta sidii nyumbani aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi. Juu yake kulikuwa na picha yake, ndevu nyeupe, na jina la albamu: Roho ya Zamani.

Bakhita, jirani wa ghorofa ya chini, alikuja kupongeza na bakuli la halwa, na ulimi wake hakuusahau nyumbani.

"Hongera, shoga," alisema, akiigeuzageuza sidii. "Lakini hii roho ya zamani ndiyo nani?"

Mahbuba akairudisha halwa bakulini. Kwa watu wa kwao roho si ile ya kumtoka mtu siku yake ikifika tu. Roho ni yule umpendaye. Mwaka ule wa kwanza Thabit hakumwita jina jingine: roho, chai iko wapi, roho, njoo usikilize hii. Alipozaliwa mtoto, jina likageuka Mama Balqees, na Mahbuba akaona ndiyo desturi, hakudai. Sasa mume kaandika hadharani, madukani, kwamba anayo roho ya zamani. Basi iko iliyomtangulia yeye!

Thabit alipotoka kwenda msikitini, Mahbuba akaiweka sidii mashineni. Tangu mlango wa chumba cha nyuma ufungwe hakuwa amemsikiliza mumewe wimbo mzima. Sasa alisikiliza kama hakimu. Nyimbo nane hazikuwa na kosa. Wa tisa ukamwasha moto. Nyuma ya gitaa kulikuwa na mwanamke. Hakuimba maneno, alikuwa akivumisha tu, sauti mbichi, ya mtu asiye na haraka, ya mtu ajuaye kwamba anapendwa. Na chini yake kitu kikikwaruza kwa mapigo, kr-kr, kr-kr, ngoma ya aina gani Mungu ndiye ajuaye.

Alimchukia yule mwanamke kwa moyo wote. Na kila Thabit akitoka, aliiweka tena. Akajua anavuta pumzi wapi, anasita wapi. Siku moja akajaribu kuifuatisha, aone ana kipi cha ajabu. Sauti ya yule ilipanda mahali ambapo yake haikufika, akazima mashine kwa hasira.

Akatoa kanga sandukuni, ile iliyoandikwa "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", akajifunga nayo na kupita mbele ya mumewe asubuhi nzima, maandishi nyuma, yakisomeka. Mwanamume wa Unguja angekwisha tafuta pa kujificha.

"Kanga nzuri, Mama Balqees," alisema Thabit. "Mpya?"

Mtu wa bara, utamfanya nini.

Hoteli ikamfanyia Thabit hafla ya chai kuizindua albamu, Alhamisi baada ya alasiri. Mahbuba alisema atakwenda. Alivaa dhahabu yake yote, akajifukiza, akamchukua Bakhita awe shahidi. Hakwenda kwa ajili ya chai. Alikagua wanawake wa ukumbini mmoja mmoja, akitafuta koo lenye sauti ile.

Mgeni mmoja akauliza jina la albamu lilitoka wapi. Thabit akacheka.

"Soul kwa Kiswahili si roho? Basi nikafasiri. Soul ya zamani, roho ya zamani."

Ukumbi mzima ukacheka, na Bakhita, aliyeutia ule moto, akacheka kuliko wote. Mahbuba naye akacheka, meno tu.

Njiani kurudi, Bakhita kesha kupata gari jingine, gari lao likipanda kilima cha Bustan, hakuweza tena.

"Hiyo roho n'shakusamehe. Na yule anayeimba?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, ya Thabit! Wimbo wa mwisho. Sauti yake nnaijua kuliko ya mama yangu. Nani yule?"

Thabit akaliweka gari pembeni ya barabara. Akamtazama mkewe kwa mshangao wa kweli.

"Na ile kr-kr huijui?"

"Ngoma ya huko kwenu, n'tajuaje?"

"Mbuzi ile. Mbuzi yako ya nazi. Matrah, ile nyumba tuliyopanga juu ya duka la vyombo. Nilikuwa najirekodi kwenye redio kaseti, na wewe uko jikoni unakuna nazi, unajiimbia. Nilitaka kukwambia unyamaze. Nikaacha. Kaseti nikaiweka chumba cha nyuma mpaka nilipoipeleka studio."

Akaitia sidii kwenye redio ya gari. Kr-kr, kr-kr, halafu kituo kidogo. Mkono wa Mahbuba ukajigeuza wenyewe mapajani, kama unaogeuza kifuu. Akacheka, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, mzigo wa wiki nzima ukamshuka. Lakini wimbo haukuwa umekwisha, na kadiri ulivyoendelea, furaha ikamtoka.

"Aliimba vizuri," alisema.

"Nani?"

"Huyo."

"Si wewe?"

"Mimi natia tui la kopo. Huyo ulikuwa ukimwita roho." Akageukia dirishani. "Miaka yote hii nakuchungia Wazungu wa hoteli, kumbe wewe unajifungia naye chumba cha nyuma."

"Mlango uliufunga wewe," alisema Thabit kwa upole.

Akalirudisha gari barabarani. Gari likateremka kilima, na yule binti wa redioni akaendelea kukuna nazi yake, hana habari na mtu. Walipofika barabara kuu ndipo Mahbuba aliposema, taratibu, bila ukali wowote:

"Mke mwenza gani huyu, ya Thabit. Hata kumsuta siwezi."