Pistoni za Tabo Ambayo Haijafika

Mwanangu wee, nasikia umeshusha injini ya pikapu! Mwili wote umenisisimka. Na nasikia unataka pistoni za kompresheni kubwa, zile zinazobana hewa sana, halafu mwakani ufunge tabo, ile ya kuiongezea injini nguvu. Hebu kaa kwanza, chai ipo.

Nakumbuka asubuhi moja, mie kijana wa Manzese, napeleka bloku ya injini yangu Chang'ombe kwa Mzee Likomba, mchongaji wa silinda. Pikapu yangu ilikuwa inabeba matarumbeta kwenye maharusi, ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Jumamosi ile dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa, na nilishajitapa mtaa mzima kwamba mie ndiye nitakayeongoza msafara mpaka Kimara. Nikachagua pistoni zenye vichwa vilivyoinuka, zinazobana hewa mara kumi na moja. Nguvu ya papo hapo! Tabo ingekuja baadaye, shemeji yangu wa Muskati alishaahidi kuituma.

Mzee akaitikia shikamoo yangu, akazigeuzageuza zile pistoni.

"Tabo utafunga?"

"Nitafunga mzee, inakuja."

"Sasa hizi za nini?"

Nikamweleza habari ya harusi na kilima cha Kimara. Lahaula! Alinikaripia mpaka mafundi wote wakageuka.

"We Hamisi, injini unayo moja tu! Tabo kazi yake kushindilia hewa. Ukiishindilia kwenye silinda inayobana namna hii, petroli itawaka kabla ya wakati wake. Utasikia injini inagonga, ko-ko-ko, kisha pistoni inatoboka, na kazi yako imekwisha. Chukua hizi zilizobonyea, zinabana mara nane na nusu. Gari litakuwa zito mpaka tabo ifike. Vumilia."

"Na harusi, mzee?"

"Kwani bi harusi anataka kufika, au anataka kushindana?"

Nilinuna, lakini nikazichukua.

Jumamosi, pale kilimani, pikapu ikaishiwa nguvu. Inatambaa! Nikatamani ardhi inimeze. Mara wapigaji wakaruka chini, tarumbeta mdomoni, wakakipanda kilima wakicheza. Kinamama nao wakashuka kwenye magari, vigelegele juu, Zuhura kajitokeza dirishani na shela lake anapunga mikono! Watu wa Kimara bado wanaisimulia harusi ile.

Na tabo ilipofika! Nikaifunga, nikamweka Mzee Likomba kiti cha mbele, nyuma nikajaza wapigaji na ngoma zao zote. Kilima kilekile. Nikakanyaga mafuta, tabo ikapiga mluzi, pikapu ikapanda kama inavutwa kutoka juu! Mzee yule, mtu asiyecheka ovyo, anapiga dashibodi kwa kiganja: "Kanyaga, Hamisi! Kanyaga, imejengewa hiyo!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Sasa wewe. Kama kweli tabo utaifunga, weka kompresheni ya chini leo, na ukubali wenzako wakupite kwa muda, wakucheke wakitaka. Kama huna hakika nayo, jiambie ukweli, jenga injini isiyo na tabo na uifurahie. Lakini usiitumie leo nguvu unayoitarajia kesho, iwe kwenye injini, iwe kwenye ndoa, iwe kwenye mwili wako huo.

Mola akubarikie mikono, akuepushe na ajali, na siku utakayoiwasha njoo unichukue. Kiti cha mbele ni changu!