Betri ya Mama Kwenye Matanga

Hasira ni hasara, husemwa. Basi na iwe hasara, kwa sababu hii yangu siiachi.

Mama anaugua pumu. Anaishi Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako waya za umeme zimebaki za kuanikia nguo. Kifua kikimbana hutumia mashine ndogo inayogeuza dawa kuwa mvuke, na mashine ile haijui maombi, inajua umeme tu. Ndiyo maana sisi watoto wake tulimfungia sola: paneli juu ya bati, betri kubwa chumbani, kisanduku cha kulinda betri ukutani, na kingine kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa mjini.

Nilimweleza kila mtu pale nyumbani, hasa tonton, mdogo wake mama anayekaa naye. Paneli haitunzi kitu; jua likizama, nayo imemaliza kazi. Anayetunza ni betri, na betri ya aina ile hainywewi hadi tone la mwisho. Ukizoea kuishusha chini ya nusu, unaiua. Mawingu yakishinda juu siku nzima, na kwetu Kisangani mvua haiombi ruhusa, mtaishi kwa akiba ya jana. Futeni vumbi kwenye paneli. Msichomeke pasi. Tonton aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayesikiliza misa kwa Kilatini.

Kisha mvua ikashika. Asubuhi moja nilivuka kwa mtumbwi kumpelekea mama dawa, nikamkuta ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Mashine ilikuwa mbele yake, kimya. Mahali pa betri palikuwa patupu.

"Tonton, batterie iko wapi?"

"Iko kwa jirani. Balifiwa. Matanga haiwezi kuwa giza, mutoto yangu. Tungebaambia nini?"

Kwetu mtu akifa, mtaa mzima huhamia uani kwake. Watu wanakesha, wanaimba, na kila nyumba yenye kitu inakitoa: viti, sufuria, maturubai. Sasa na betri. Sikuwa na ugomvi na marehemu. Lakini nilipofika pale niliikuta betri ya mama yangu chini ya meza, imefungwa moja kwa moja kwenye taa na kipaza sauti, bila kile kisanduku ambacho kingekata umeme kabla haijakauka. Ilikuwa imekauka. Waimbaji walikuwa wanaendelea bila kipaza, na sauti zao zilitosha kabisa. Hilo lilinichoma kuliko yote.

Hata ningeirudisha, ningeijaza na nini chini ya mawingu yale? Nilirudi mbio, mimi na tonton tukamshika mama huku na huku hadi ufukweni, tukavuka, hospitali ikampokea. Mtumbwini nilimtukana tonton kwa Kiswahili, nikaongeza kwa Lingala, mpiga kasia akisikiliza. Yeye aliendelea kumshikilia mama mgongo.

Mchana, pumzi ya mama iliporudi, nilianza upya. Akaninyooshea kidole.

"Wacha tonton. Ni mie nilisema babebe ile batterie."

"Mama, ungekufa."

"Ndiyo. Na siku ile, nani angekuja kulala matanga kwangu, kama nilibanyima mwangaza?"

Hasira haikuniisha, ilikosa tu mtu wa kumwangukia. Tunaishi kando ya mto mkubwa kuliko yote tunayoijua, maporomoko yananguruma usiku na mchana, halafu kilio cha jirani na pumzi ya mama yangu vinagombania betri moja. Nani nimtukane hapo?

Mama aligeuza uso dirishani.

"Jua ilitoka?"

"Imetoka, mama."

"Bon. Ambia tonton aende kuchaji ile batterie. Leo ndiyo mwisho ya matanga, haiwezi kuwa giza."