Asparaga Moja, Sufuria Mbili

Jumapili nilialikwa chakula cha mchana kwa rafiki yangu huko Rusinga. Mkewe amepanda asparaga za zambarau, vijiti vinene kama kidole. Alizikaanga upesi kwa kitunguu saumu, akaziepua zikiwa bado ngumu kidogo, zinalia mdomoni ukizitafuna.

Mama mkwe wake hakuridhika. "Nyar Karungu," alimwambia, akimwita binti wa Karungu kwa Kijaluo, "mboga haiivi kwa dakika mbili." Akachukua zile zilizobaki bila kukaangwa, akazichemsha kwa maziwa kama mboga za kienyeji, mpaka zambarau ikageuka kijani na vijiti vikalegea kabisa.

"Mama, hizo umezimaliza," mkwe akasema kwa upole.

Sahani mbili zikaletwa mezani. Rafiki yangu akatazama ya mkewe, akatazama ya mamake, kisha akasema yeye ataanza na samaki. Wanawake wote wawili wakanigeukia mimi.

Nikaonja sahani zote mbili, nikasema kila moja ina utamu wake. Hakuna aliyeniamini. Mama akanyoosha mkono kwenye sahani ya mkwe wake, akatafuna kijiti kimoja polepole.

"Bado ni mbichi," akasema, akachukua kingine.

Siku hizi mtu akikosoa upishi, mimi humtazama mkono, si mdomo.