Mama Alipoingia Kwenye Mafunjo

Mimi huwapeleka watu kwa boti ndani ya mafunjo, yale matete marefu ya ziwani, upande wa Muhokya, waone ndege na waelewe kwa nini hatutaki mtu akaushe maji yale alime mpunga. Kazi naipenda, lakini tusidanganyane: kila siku naiogopa. Mgeni akiniuliza kama viboko wapo, nacheka. Moyoni sicheki.

Mama anauza vitenge soko la Bwera, na kwa miaka alinisihi niache. Nami nikawa namjibu kwamba njia naijua kama jikoni mwangu, naye akawa anatulia kwa muda. Mwisho akaja mwenyewe. "Nipeleke nione hiyo jikoni yako," akasema. Mama hajui kuogelea. Nikamvalisha jaketi la kuokolea, nikakaza kamba mpaka akanung'unika, tukaondoka sisi wawili.

Waongozaji tuna alama zetu. Mafunjo hatuyakati, hata panga hatubebi, ndege wasije wakakosa pa kutagia. Kwa hiyo kwenye mlango wa kila njia tunayafunga fundo vichwani. Ukiona fundo lako, unaingia. Sasa, mafunjo yale yanaelea, na mimi ndiye ninayewaambia wageni hivyo kila siku kwa sauti ya mwalimu. Usiku uliotangulia mto unaomwaga maji humo ulishuka kwa nguvu kutoka milimani, upepo ukavuma, na kipande kizima kikahama na fundo langu juu yake. Wala sikuliwaza hilo.

Nikaona fundo, nikazima injini kama kanuni yetu inavyotaka, nikashika upondo wa kusukumia boti na kuingia kwa maringo. Njia ikawa nyembamba, halafu ikafunguka kwenye kidimbwi nisichokijua. Maji yalikuwa yamekorogwa, tope bado linapanda juu.

Kisha nikasikia pumzi nzito, upande alioketi mama. Kichwa cha kiboko kikatokea, na nyuma yake kingine kidogo. Alikuwa na mtoto.

Niliogopa. Injini ingemkasirisha. Mama akaanza "Astaghfirullah, astaghfirullah," kwa sauti ya sokoni.

"Mama, nyamaza!"

Sikuwahi kumwambia hivyo maishani. Akajiziba mdomo kwa mtandio. Nikaweka upondo chini, nikaanza kuyashika mafunjo kwa mikono na kuivuta boti kinyumenyume, taratibu, viganja vinachanika. Nilichoomba ni kimoja tu: akitaka kupindua, apindue upande wangu.

Kiboko akazama. Hapo ndipo pabaya, maana akiwa juu unajua alipo. Mapovu yakaja kuelekea kwetu, yakafika, na boti ikainuka kidogo chini ya mama, ikashushwa. Mama akanitazama. Hakulia. Mapovu yakaendelea upande wa pili, nami nikavuta mpaka tukatokea kwenye maji wazi, nikaivuta kamba ya injini mara kadhaa ndipo ikawaka.

Ufukweni nilimfungua jaketi. Wageni wengine walikuwa wamesimama pale wakisubiri zamu yao, wanasikia.

"Leo njia uliijua?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Wageni walikuwa wananitazama.

"Hapana, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akakung'uta tope kwenye gauni. "Basi mimi nimelala vizuri miaka yote hii kwa sababu ya ujinga wangu," akasema. Hakuniambia niache. Nadhani ningefurahi kama angeniambia.

Tangu siku hiyo ananipigia simu kila jioni. Zamani tulianza na habari za soko na nani ameoa. Siku hizi hata salamu hana, anauliza tu, "Umetoka majini?" Na mara nyingine nakuwa bado ndani, injini imezimwa, kitu kinapumua karibu nisichokiona, na wageni wananitazama usoni wajue kama waogope. Naweka simu karibu na mdomo.

"Nimetoka, mama," namwambia. "Lala."